Sikio Lililodanganya

Daraja lilivunjika saa nne na robo asubuhi, gari likiwa katikati.

Lilikuwa daraja la kawaida tu, magogo sita yaliyolazwa juu ya kijito, na theluji ya usiku ilikuwa imeyafunika hata usijue lipi zima na lipi bovu. Magurudumu ya mbele yaliingia majini, pua ya gari ikafuata, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Redio ya mawasiliano, iliyofungwa chini ya dashibodi, ililowa kabla mtu hajakumbuka kuishika. Watu watatu waliokuwemo walitokea mlango wa nyuma, wakivuta mizigo yao, wakasimama ukingoni wakitazama maji yanavyopanda hadi kwenye viti.

"Simu?" akauliza Daktari, aliyekuwa akiendesha.

"Hakuna mtandao tangu kona ya mwisho," akajibu Mama Pacha.

Wa tatu, mzee wa miaka sitini na minane mwenye kofia ya sufu iliyomfika nyusi, alikuwa akiangalia magharibi, ambako anga lilikuwa limeshuka hadi chini na kuwa na rangi ya chuma.

Mama Pacha alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupima joto la miili ya watu wanaofanya mazoezi kwenye baridi. Miaka minane alikuwa ameshinda katika chumba cha chini ya ardhi, chenye mlango mnene kama wa jokofu la bucha kubwa na mashine ya kukimbilia katikati. Watu walikuja, wakakimbia humo baridi ikiwa chini ya sifuri, naye akawapima. Ngozi ilikuwa imemwongopea mara nyingi mno asiiamini tena. Alishaona mtu paji la uso likisoma 29 kama la marehemu, kumbe ndani anachemka kwa 38 na anaomba afunguliwe dirisha.

Mzee alikuwa baba mkwe wake. Watu walimwita Mzee Waya, kwa kuwa miaka thelathini alipanda nguzo za simu katika nyanda hizo hizo za juu. Utafiti wa Daktari ulitaka wazee waliozoea kutembea milimani, na Mzee Waya alijitolea kabla hajaombwa. Ukweli ni kwamba alitaka kuona mke wa mwanawe anafanya kazi gani hasa. Jirani akimuuliza, alizoea kujibu: "Anawapima homa watu wasioumwa," kisha anabadilisha mazungumzo, maana alikuwa amesikia kwamba kipimo kingine hupitia mahali pasipotajika mbele ya wakwe.

Usiku uliopita alikuwa amemeza kidonge kikubwa kama punje ya haragwe. Ndani yake mlikuwa na kipimajoto kilichotuma nambari kwenye kisomaji kidogo alichofungwa kiunoni.

"Na kikitoka?" alikuwa ameuliza.

"Kikitoka, Baba, hatukihitaji tena."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Sasa hakuna aliyecheka. Nyuma walikotoka ni kilomita ishirini na mbili. Mbele, alisema Mzee Waya, kilomita saba, kuna banda la mafundi wa barabara. Msimu huu huwa wamo, na wana redio. Kubaki garini hakukuwezekana, kwani gari lilikuwa linakunywa maji.

"Tunakwenda mbele," akasema Daktari. "Mimi nitapasua njia."

Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwembamba kama fito, na hakuna kazi aliyowaachia wengine kama angeweza kuifanya mwenyewe. Alijitwika mfuko mzito kuliko yote, akafunga jaketi hadi kidevuni, akaingia kwenye theluji iliyomfika magoti. Mama Pacha alifuata, na Mzee Waya akawa nyuma, akikanyaga walipokanyaga wao.

Nusu saa haikupita mzee akafungua vifungo vya koti lake.

"Daktari! Fungua koti. Jasho huku ni adui."

"Niko sawa, Mzee."

"Uko sawa kwa sasa."

Daktari hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa ukifuka mvuke.

Kila dakika kumi Mama Pacha alisimama, akainama kiunoni kwa baba mkwe wake na kusoma. Mwanzoni 37.4. Kisha 37.7. Kisha 37.9. Mzee alikuwa akitembea kwa mwendo wake wa fundi wa nguzo, polepole na bila kupumzika, na ndani alikuwa na joto kama jiko lililofunikwa vizuri.

Upepo uliwakuta saa tano na nusu. Haukuanza kidogo kidogo. Ulifika wote kwa mara moja, umebeba theluji kavu kama chumvi, na kuanzia hapo walijua njia kwa nguzo tu: moja inaonekana, ya pili inakisiwa. Kope ziliganda. Mama Pacha aliacha kuhisi vidole vya miguu, akawa anavichezesha ndani ya buti huku akihesabu.

Karibu saa sita na nusu alisoma kisomaji, akakifuta, akasoma tena. 36.1.

Akaendelea kukiangalia. 35.2.

"Kuna nini?" akapiga kelele Daktari kutoka mbele. Alirudi, akaiona nambari, na uso wake ukabadilika. "Thelathini na tano! Anaanguka. Mzee, kaa chini. Kaa!"

"Nikae kwa nini?" akasema Mzee Waya.

"Joto lako linashuka."

"Mbona mimi sioni baridi?"

"Ndiyo dalili yenyewe!" Daktari alikuwa ameshavua mfuko, na sasa alikuwa akivua jaketi lake, lile nene la manyoya ya ndani. "Mama Pacha, nisaidie kumvalisha."

Mama Pacha hakusogea. Alikuwa akifikiri. Karibu digrii tatu kwa dakika kumi. Mwili wa mtu anayetembea haushuki hivyo, hata ukitupwa kwenye barafu. Alimtazama mzee: midomo inatamka vizuri, mikono inafunga kifungo bila kutazama.

"Daktari, subiri. Baba, umekunywa kitu?"

Mzee akaonekana kama mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye sukari. "Koo lilikauka. Mafunda matatu tu." Akagonga chupa iliyokuwa kwenye mfuko wa nje wa koti. Ndani yake vipande vya barafu viliitikia.

"Ni maji, Daktari. Kidonge bado kiko tumboni, kimemwagiwa maji ya barafu. Tusubiri dakika kumi na tano nambari itarudi. Vaa jaketi lako."

"Na isiporudi? Nimsubirie mtu wa miaka sitini na minane afe ndipo nijue?" Tayari alikuwa akiuingiza mkono wa mzee kwenye jaketi. "Mimi ndiye niliyemleta hapa."

Mama Pacha alikuwa fundi, naye mwenzake ni daktari na mkuu wa safari. Akanyamaza. Baadaye, katika mambo yote ya siku ile, kunyamaza huko ndiko kulikomchoma zaidi.

Walisimama hapo dakika kumi na nane, mzee ameviringishwa majaketi mawili kama mzigo wa sokoni, na Daktari amebaki na sweta juu ya shati lililolowa jasho, amewapa upepo mgongo. 35.4. 36.3. 37.1. 37.5.

"Haya," akasema Daktari. Alikuwa ameona haya. "Afadhali."

"Chukua koti lako," akasema Mzee Waya.

"Vaa tu, Mzee. Nikianza kutembea nitapata joto."

Na kweli alianza kutembea, kwa haraka kuliko mwanzo. Robo saa hivi alikwenda vizuri. Kisha akaanza kukanyaga miguu yake mwenyewe. Glavu ya mkono wa kulia ilianguka, akaipita kama vile si yake. Mama Pacha aliiokota, akamkimbilia.

"Daktari, glavu."

"Weka pale," akasema, akionyesha hewani. Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. "Njia inakata kushoto hapa."

Kushoto hakukuwa na njia, wala nguzo. Kulikuwa na weupe mtupu.

Mama Pacha alitoa kipimajoto cha sikio kutoka kifuani alikokiweka kisigande. Akapima sikio la Daktari: 32.9. Kwa hofu, na kwa mazoea ya kazi, akageuka akapima na la mzee: 33.1.

Akavisoma vyote viwili tena. Masikio mawili, karibu sawasawa. Mmoja alikuwa na 37.5 tumboni na anauliza kuna nini. Mwingine alikuwa anajaribu kuondoka njiani na hajui. Upepo ulikuwa umeyapoza masikio yote, na sasa sikio halikuweza kumwambia nani mzima na nani anakufa.

"Baba, kuna mahali pa kujificha?"

"Kalvati. Nguzo mbili mbele. Barabara inapita juu yake."

Walimshika Daktari huku na huku. Kalvati lilikuwa bomba la zege, upana wake mtu anaweza kuketi bila kuinama, na ndani mlikuwa na mchanga mkavu. Wakaziba mdomo wa upande wa upepo kwa mifuko na theluji. Ghafla kukawa kimya, wakasikia pumzi zao.

"Banda ni mbali kiasi gani kutoka hapa?"

"Kilomita moja na nusu. Tumkokote tu, akisogeasogea atapata joto."

"Inategemea," akasema Mama Pacha. "Kama ameshuka kidogo, kutembea kutamsaidia. Kama ameshuka sana, kumtembeza kutamsimamisha moyo. Lazima nijue ni kipi, na mdomo hautaniambia, wala paji la uso." Alikuwa ameshafungua mfuko wake na kutoa kikasha cha bati. Ndani yake mlikuwa na waya mwembamba laini wenye kichwa cha kupimia, na mita ndogo. "Kuna njia moja."

Mzee Waya aliutazama ule waya. Akaelewa. Akakohoa.

Daktari naye aliuona. "Siyo lazima," akanong'ona. "Mimi siyo mshiriki. Mimi sikujaza fomu."

"Leo umejaza," akasema Mama Pacha. "Baba, mlaze ubavu, mshike mabega asigeuke. Kama unaona haya, tazama ukuta."

"Mficha uchi hazai," akasema mzee, na akatazama ukuta.

Lakini kalvati ni dogo, na mtu hawezi kutazama zege milele. Aliona mikono ya mkwe wake. Aliona inavyofungua mshipi, inavyofunika kwa blanketi kabla haijafunua, inavyofanya kazi chini ya blanketi kwa kipimo na utulivu, bila kusita wala kuomba radhi. Hata yeye akiwa juu ya nguzo, na waya zenye hitilafu mkononi, hakuwahi kuwa mtulivu zaidi ya hapo.

"Usimsemeshe," akasema Mama Pacha. "Tunasubiri dakika tatu."

33.6. 32.8. 32.5. 32.4. Ikasimama.

Daktari alikuwa ameacha kutetemeka.

"Hatembei," akasema Mama Pacha. "Hainuki, hakai. Tunamvua kilicholowa akiwa amelala."

Alikata shati na sweta kwa mkasi wa bandeji. Walimvalisha jaketi lake, lililokuwa na joto la mzee bado, wakamwingiza kwenye mfuko wa dharura. Vifuko vya joto alivyokuwa navyo, vinne tu, aliviweka juu ya kitambaa, kifuani na kwapani. Mzee alishika mkono wa Daktari akaanza kuusugua.

"Hapana, Baba! Acha mikono. Damu iliyoko huko ni baridi, usiirudishe moyoni."

Mzee akauachia kama uliomuunguza. Kisha akafunga koti lake, kifungo kimoja kimoja.

"Basi wewe lala naye, umpe joto. Mimi nakwenda bandani."

Mama Pacha alijua kwamba hakuna njia nyingine, na bado aliitafuta. Huyu alikuwa baba wa mume wake, babu wa pacha wake. Angesema nini nyumbani? Akasoma kisomaji: 37.6.

"Utapaonaje?"

"Nguzo ya thelathini kutoka hapa, njia inachepuka kulia. Nguzo hizo nilizisimika mimi, mama. Nitazihesabu kwa mkono."

Mama Pacha alikifungua kisomaji kiunoni kwa mzee, akakigeuza ili mzee mwenyewe aweze kukiona. Mawimbi yake hayakufika mbali zaidi ya hatua mbili. Akitoka nje, hakuna mtu duniani ambaye angejua joto lake ila yeye. "Soma kila unapohesabu nguzo tano. Ikishuka chini ya thelathini na sita, geuka. Usijadiliane nayo. Na usinywe maji."

"Sinywi."

Akatoka kwa magoti. Theluji ikamfuta kabla hajafika nguzo ya kwanza.

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Mama Pacha alijipenyeza ndani ya mfuko, kifua chake mgongoni kwa mkuu wake wa kazi, mita ikiwa mbele ya macho yake. Baridi ya mwili ule ilipita nguo zake kama maji. Alianza kutetemeka yeye, akafurahi, maana kutetemeka ni joto, na mmoja wao alilazimika kulitengeneza.

32.3. 32.1.

Alijua kwamba mwili hushuka kidogo zaidi hata baada ya kufunikwa. Alikuwa amewafundisha wanafunzi jambo hilo kwa chaki ubaoni. Ubaoni ulikuwa mstari tu. Hapa kila nukta ilikuwa na pumzi yake. Alizihesabu pumzi za Daktari: nane kwa dakika.

32.1. Bado 32.1. Dakika ishirini nambari haikusogea, na Mama Pacha hakujua tena kama alikuwa anaomba au anahesabu. 32.2. Mtu aliyelala mbele yake alishtuka mara moja, kama anayeota. Kisha tena. Kisha bega lote likaanza kucheza, meno yakagongana, na mfuko mzima ukawa unatikisika.

"Tetemeka," akamwambia. "Tetemeka, kaka. Usiache."

32.7.

"Mzee..." akasema Daktari. "Mzee amepona?"

"Mzee mzima. Nyamaza utetemeke."

Lakini kuhusu mzee hakujua lolote.

Saa kumi na dakika chache alisikia mngurumo juu ya barabara. Mifuko iliyoziba mdomo wa kalvati ikavutwa, mwanga ukaingia, na nyuma yake kichwa cha mtu mwenye kofia ya chuma. Mafundi watatu walikuwa wamekuja na greda, na mlango wa banda waliokuwa wameung'oa bawabani uwe machela.

"Mnyanyueni kama yai," akasema Mama Pacha. "Alale hivyo hivyo, msimsimamishe. Na mzee? Mzee yuko wapi?"

"Kwenye kibini. Tulimwambia abaki motoni, akataka kutupiga."

Mzee Waya alikuwa ameketi ndani ya kibini cha greda, amejifunika blanketi la mafundi, uso umebabuka kwa upepo. Daktari alipokwisha kulazwa na kufungwa, Mama Pacha alipanda akaketi kando yake. Mzee akampa kisomaji, na pamoja nacho karatasi ya pakiti ya majani ya chai, iliyoandikwa kwa kipande cha penseli cha mafundi.

"Nilidhani utazitaka. Niliziweka kichwani njiani, nikaziandika nilipofika."

37.6. 37.4. 36.9. 36.4. 35.9. 35.8.

Mama Pacha alizisoma mara mbili. "Baba. Nilikwambia chini ya thelathini na sita ugeuke."

"Nguzo moja ilikuwa imeanguka. Nilisimama kuitafuta, ndipo ikashuka. Nilikuwa nimebakiza tano." Alitazama mbele, kwenye kioo kilichopigwa theluji. "Ningegeuka ningekuja kukwambia nini?"

"Nilisema usijadiliane nayo."

"Sikujadiliana. Niliisoma nikaendelea."

Greda lilikwenda polepole, na Mama Pacha alipogeuka kumtazama tena, mzee alikuwa amelala, kichwa kimeegemea bega la mkwe wake. Hakukiondoa.

Daktari alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Siku ya tatu hospitalini, alipoweza kukaa kitako, alimwita Mama Pacha, akamwomba afunge mlango wa wodi.

"Uliniambia nisubiri," akasema.

"Niliacha kukuambia. Nilisema mara moja nikanyamaza."

"Mara moja ilitosha. Mimi ndiye niliyekiamini kifaa kuliko mtu anayekitumia kila siku." Alitazama bandeji yake. "Nitaandika yote kwenye ripoti, hata la jaketi. Na safari inayofuata utaiongoza wewe. Ukisema tusimame, tutasimama. Ukisema twende, twende."

"Kuna safari inayofuata?"

"Sijui. Nataka iwepo."

Mama Pacha alisema atafikiri. Akatoka, akaufunga mlango taratibu, akatembea hadi kwenye benchi la korido, chini ya tangazo la saa za kuwaona wagonjwa. Hapo ndipo mikono ilipoanza kumtetemeka. Ilitetemeka tangu vidole hadi mabegani, katika korido yenye joto, watu wakipita na vyandarua na ndoo, na machozi yakamtoka bila sauti.

Mzee Waya, aliyekuwa amekuja kumwona Daktari, alimkuta hivyo. Alikaa kando yake, si mwisho wa benchi kama ilivyokuwa desturi yake mbele ya mkwe, bali karibu, magoti yakigusana. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri upande wa pili aliwatazama kwa huruma.

"Ni binti yako? Amefiwa?"

"Hajafiwa," akasema Mzee Waya. "Amemwokoa mtu."

Akangoja mpaka mikono ile ilipotulia. Kisha akasema:

"Umekula?"

"Bado, Baba."

Mzee akainuka, akajishika kiuno, akaenda kutafuta chakula.